Jiwe la Baba Wening

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya soko. Kwetu soko huja kila siku ya tano. Nimeuza chupa zote za dawa yangu ya majani kabla jua halijawa kali, nikarudi nyumbani nikipanga kujilaza kidogo. Kulala kwenyewe nikakusikia tu. Mume wangu, Baba Wening, nimemkuta sakafuni kwenye chumba cha vikaragosi, amejikunja, mkono ameushindilia ubavuni, jasho linamtiririka. Nikamuuliza kuna nini, akasema amelala vibaya. Mtu analala vibaya mpaka anatapika?

Nikamwita Paimo, mpiga ngoma wake, tukampakia kwenye gari la mboga la jirani mpaka zahanati. Daktari Ratri, yule msichana mpole aliyeletwa mwaka jana, alimpitishia tumboni kile chombo cha kuangalia ndani, akatuonyesha kwenye kioo. Jiwe. Limetoka kwenye figo likakwama kwenye mrija unaoshuka kibofuni. Limezidi punje ya mchele, alisema, lakini halijafika punje ya mahindi, na la namna hiyo mara nyingi hutoka lenyewe mtu akinywa maji kwelikweli. Akampa vidonge vya maumivu. Akatuonya kwamba akipata homa au mkojo ukikata, tusingoje, twende hospitali ya mjini. Na mwezi wa kumi na moja ukiingia jiwe lingali mle, atamwandikia akatolewe kwa chombo kinachopitishwa njia ya haja ndogo.

Baba Wening aliposikia chombo kitapita njia gani, aliacha hata kuguma.

Alhamisi, 5 Septemba

Jana daktari alimuuliza anakunywa maji kiasi gani, naye akajibu, "Ya kutosha." Nikauma ulimi mbele za watu, ila hapa nauachia.

Mume wangu ni dalang. Hukaa mbele ya pazia usiku kucha, miguu ameikunja, anachezesha vikaragosi vya ngozi na kuvisemea vyote, wafalme kwa majitu, mpaka kunakucha. Na dalang wa ukoo wao hanyanyuki. Akishaketi chini ya taa ameketi, hata nyumba iungue. Baba yake hakunyanyuka, babu yake hakunyanyuka, na huku vilimani kwetu wakimtaja mume wangu, Ki Gondo, wanamalizia na "yule asiyenyanyuka," kama vile ndilo jina la ubatizo. Sasa ili mtu asinyanyuke anafanyaje? Hanywi kitu tangu mchana. Msimu mzima baada ya mavuno, kila wiki sherehe hapa, sherehe kule, jua hili la kupasua mawe, na maji yetu yenyewe ya chokaa mpaka birika linaota ukoko mweupe. Halafu tunashangaa jiwe limetoka wapi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeanza kazi. Mama yangu aliwapikia watu dawa hii nikiwa namshikia kikapu, sihitaji kuulizia.

Kwanza masharubu ya paka, ule mmea wa maua meupe yenye nyuzi ndefu. Huo unavuta mkojo. Kisha tempuyung, majani machungu ya pembeni mwa kuta, nusu nachemsha, nusu anatafuna na wali. Ndevu za mahindi. Na mvunja-chupa, lile jani lenye mkwaruzo kama ulimi wa ng'ombe, ila hilo majani machache tu, maana ukizidisha linakwaruza na figo zenyewe. Niliyafungasha yote nikampelekea daktari ayaone. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, ugomvi sikuupata. Bibi yake naye alikuwa anachemsha masharubu ya paka. Akasema hayo sawa, yanasaidia mkojo kuja, mvunja-chupa nipunguze zaidi ya hapo, vidonge visiachwe, na dawa yangu isichukue nafasi ya maji. Tukaelewana kama watu wa jikoni moja.

Paimo alipomwona paka wetu amelala kibarazani, akamshika kidevu akamwambia akae chonjo, mwenye nyumba anatafuta masharubu. Mjinga yule.

Jumatatu, 9 Septemba

Mama Laras amekuja na ndizi mbivu na uso wa mashaka. Binti yake Laras ni wa pekee, hana kaka hana dada, na mtoto wa pekee kwetu ni chakula cha jitu Kala mpaka akombolewe. Hawezi kuolewa kabla. Ukombozi wenyewe ni mchezo wa vikaragosi wa mchana, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, kisa cha Kala mwenyewe, na hauchezeshwi na kila dalang. Lazima awe wa ukoo unaoruhusiwa. Baba Wening alirithi kazi hiyo kwa baba yake. Siku imeshapangwa, Jumapili ya tarehe kumi Novemba, kabla watu hawajaanza kupanda.

Mama Laras alizungukazunguka, mwisho akasema lililomleta. Kama Ki Gondo hataweza kuketi, itabidi amwite Tulus.

Tulus ni mtoto wa baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo ukoo anao. Ni yule dalang wa taa za rangi rangi na waimbaji wa redio, ambaye katikati ya mchezo anawaachia wachekeshaji jukwaa, yeye huyo, anakwenda zake nyuma kuvuta sigara. Dalang wa kunyanyuka. Akishakomboa mtoto mmoja, watu watamwita kwa wa pili na wa tatu, na kazi ya baba yake Baba Wening itahamia kwenye taa za rangi.

Baba Wening alisikia yote kutoka chumbani. Hakula jioni.

Alhamisi, 12 Septemba

Amekunywa dawa asubuhi na jioni. Jiwe kimya.

Jumapili, 15 Septemba

Amekunywa. Kimya. Joto.

Alhamisi, 19 Septemba

Siku ya soko. Lori la maji halijaja, tanki la mvua limebaki matope. Nimekunywa mimi kidogo ili yeye anywe sana.

Jumanne, 24 Septemba

Alikwenda kuchezesha kijiji cha bondeni, amerudi ameshikwa upya. Vidonge vimemtuliza mpaka adhuhuri. Leo sokoni mwanamke mmoja mnunuzi wangu wa siku nyingi ameiweka chupa chini akaniuliza, kwa upole wa uongo, hivi ni kweli mume wangu naye anakunywa dawa hii hii. Nikamwambia anakunywa. Akasema, "Basi nipe ya mafua tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimeanza kujiuliza kama mama alinifundisha vizuri au nilikuwa nachezea kikapu.

Jumamosi, 28 Septemba

Msafara wa Tulus umepita barabarani na magari mawili ya vyombo. Alipunga mkono. Mimi nilikuwa naanika majani, nikajifanya nimeinamia majani.

Ijumaa, 4 Oktoba

Leo nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kilima chote kimekauka. Mihogo imenyauka, mitiki imepukutisha majani yote, hata mbuzi wanatafuna makaratasi. Nikapita nyuma ya nyumba kutafuta ufagio, nikaona chini ya dirisha la chumba cha vikaragosi mpilipili umesimama, kijani kibichi, umezaa pilipili nyekundu mpaka matawi yameinama. Nikashangaa nani anaumwagilia wakati watu tunaoga kwa kikombe. Nikainama. Nikanusa udongo. Masharubu ya paka.

Mwezi mzima! Mimi najinyima maji, nachemsha, nachuja, nampelekea kwa mikono miwili, yeye anaumwagilia mpilipili.

Nilimfuata nikiwa na pilipili kiganjani, nikaziweka juu ya sanduku lake la vikaragosi. Alizitazama akajua. Hakukana. Alisema dawa si mbaya, dawa ni kali mno: akinywa asubuhi, mchana wote yuko chooni, na jioni akikaa mbele ya pazia mkojo unamwita kabla mfalme wa kwanza hajamaliza salamu. Asubuhi alikuwa akionja. Siku za mchezo alimwaga yote.

"Kwa hiyo unaniambia dawa inafanya kazi," nikamwambia.

"Inafanya kazi sana, Mama Wening. Ndiyo shida."

Nikamuuliza anataka nini, jiwe litoke au asinyanyuke. Akasema vyote viwili. Nikamuuliza mkojo utapita wapi, masikioni? Akageukia vikaragosi vyake. Basi nimefunga nguo. Kesho nakwenda mjini kwa mtoto wetu Wening, nimwache na mpilipili wake wapikiane.

Jumapili, 6 Oktoba

Kwa Wening. Mjukuu ameota jino. Sijapiga simu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, na mchana umekwisha.

Paimo alinipigia alfajiri. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. Akasema Kaka Gondo tumempeleka hospitali ya mjini, njoo.

Nilipofika alishawekewa maji ya mishipani, midomo imepasuka, macho yamezama. Daktari wa pale alikuwa anamuuliza mara ya mwisho kunywa maji ilikuwa lini, naye anatazama dari. Paimo ndiye aliyesema. Siku tatu nzima mume wangu alijifungia chumba cha vikaragosi akafunga. Si ile funga ya wali mtupu na maji. Alifunga funga kavu ya wazee, bila chakula, bila hata tone. Wanafunga hivyo kuomba jambo zito. Na yeye alikuwa anaomba nini? Jiwe litoke.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilisimama pale kitandani nikacheka mpaka muuguzi akaniangalia. Watu wengine wote duniani wenye jiwe wanaambiwa wanywe maji. Wangu anamwomba Mungu alitoe, huku ameuziba mto unaolisukuma. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, nikamwambia mbele ya Paimo na muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba nampenda na kwamba ni mpumbavu, na kwamba akifa kwa ajili ya kutokojoa nitawaambia wajukuu ukweli.

Akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka nikurudishe nikiwa mzima."

Nikamfunika shuka vizuri.

Mkojo haujakata, homa hana. Daktari anasema tumewahi. Nusu saa baadaye mlango ukafunguka akaingia Tulus na mafuta ya nywele yake yote, amebeba madafu kwenye kamba. Nikajikaza. Nikajua amekuja kupima kama kiti kiko wazi. Akamwamkia kaka yake, akakaa mwisho wa kitanda, akatoboa dafu, akampa. Baba Wening akanywa lote. Akatoboa la pili. Ndipo akasema, akiwa anatazama dafu badala ya sisi, kwamba na yeye alikuwa na jiwe. Miaka mitano iliyopita. Lilimkamata katikati ya mchezo, akaketi nalo mpaka asubuhi, akazimia akiwa na kikaragosi mkononi. Watu wakadhani ni madoido. Baada ya hapo daktari wake alimwambia achague. Kwa hiyo akawaleta wachekeshaji, akawaleta waimbaji, taa zote zile, ili watu watazame kitu kingine yeye anapokwenda kukojoa.

Baba Wening akamuuliza mbona hakusema. Mbona aliacha watu wamwite dalang wa kunyanyuka, dalang wa sigara.

"Sivuti sigara, Kaka," Tulus akasema. "Sijawahi kuvuta. Niliona heri waniseme navuta kuliko waseme mjukuu wa babu ameshindwa kubana."

Mimi huyu mtu nimemsema kwenye masoko yote ya vilima hivi, na leo nimemmenyea chungwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumerudi nyumbani. Sasa nampa dawa na nasimama palepale mpaka nione koo linashuka. Kisha maji. Kisha maji tena. Tulus ametuletea pipa zima la maji safi kwa gari lake la vyombo, hakusema neno, ameteremsha akaondoka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Amekunywa. Amekojoa. Anakojoa kama anayelipwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Kulikuwa na mchezo kijiji jirani, amekataa, akasema anaumwa. Hiyo peke yake ni mara ya kwanza tangu nimjue. Paimo aliposikia alinong'ona kwamba yeye mwenyewe amebana kwa miaka yote aliyompigia ngoma, maana dalang asiponyanyuka, nani mwingine atathubutu? Kwa hiyo kikosi kizima kilikuwa kinabana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Joto la kuchemsha mayai juu ya mawe. Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameondoka.

Jumapili, 27 Oktoba

Ubavu umeacha kuuma, sasa panauma chini, karibu na kinena. Aliogopa. Nikampeleka kwa Daktari Ratri, akapitisha chombo, akatabasamu. Jiwe limeshuka. Liko mlangoni mwa kibofu. Akasema hapo ndipo maji yanapofanya kazi, anywe mpaka kibofu kijae, kisha akojoe kwa nguvu moja, asibane hata kidogo. Akatupa kichujio cha kulidakia, analitaka apime ni la aina gani ili lisiote jingine. Lakini pia ameandika barua ya hospitali: tarehe kumi na mbili Novemba, kama halijatoka, kile chombo cha njia ya haja ndogo.

Njiani nilimshika mkono, watu wakatutazama. Watazame.

Jumatano, 30 Oktoba

Mama Laras amekuja tena. Amesema wazi kwamba alimwendea Tulus, kwa sababu anamwogopea binti yake na harusi imekaribia. Tulus amemkatalia. Amemwambia mwenye kazi yupo hai, aende kwake. Mama Laras alikuwa amekereka kidogo, kama mtu aliyefukuzwa dukani.

Alipoondoka, Baba Wening alikuja kukaa karibu nami. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza, nadhani watu watasema nini dalang wa ukombozi akinyanyuka. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Mchezo wa Kala hauna wachekeshaji wa kumfichia, hauna taa za rangi. Akinyanyuka, jitu limeachwa wazi mbele ya mtoto wa watu, na watu wetu hilo wataliogopa kwelikweli. Mimi mwenyewe naliogopa kidogo.

Jumapili, 3 Novemba

Amekunywa. Kimya.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku ya soko, sikwenda. Amekunywa, limechoma, halikutoka. Mbele yake sasa ipo kesho kutwa, na nyuma ya kesho kutwa ipo ile barua. Alinyoosha vikaragosi kimoja kimoja. Nikamwambia yaliyo upande wangu nimeyafanya yote, yaliyobaki ni yake. Akaniambia anajua.

Jumapili, 10 Novemba

Nitaandika yote, hata mkono ukivimba.

Uwanja wa Mama Laras ulijaa tangu asubuhi. Pazia limewambwa, taa imewashwa ingawa ni mchana, magogo ya migomba yamelazwa chini ya pazia ya kuchomekea vikaragosi, mashada ya ndizi, mpunga, kuku wawili wamefungwa miguu. Laras amevaa kitambaa cheupe, ametulia. Tulus alikuja, bila mafuta ya nywele, akakaa na wapiga upatu kama mgeni wa kawaida.

Kabla hajaketi, Baba Wening aliniomba dawa. Mbele ya watu wote akanywa vikombe viwili vikubwa, akachukua na cha tatu, akakiweka chini ya taa pembeni ya goti lake. Minong'ono ikapita uwanjani. Dalang na kikombe! Mama Laras akanitazama, nikatazama kuku.

Mimi nilikaa upande wa vivuli, nyuma ya pazia, na wanawake. Kisa kikaanza. Kala akazaliwa, akakua, akaomba chakula, miungu ikampa ruhusa ya kula watoto wa nuksi. Sauti ya mume wangu ilikuwa nzuri, nzito, haina haraka. Jua likapanda. Kala akaanza kumfukuza mtoto wa pekee, huku na huku, mtoto anajificha jikoni, anajificha kwenye mianzi. Watoto wadogo wakawakumbatia mama zao.

Hapo kivuli cha Kala kikatetemeka.

Wanawake walioketi nami wakaguna kwa raha, wakasema tazama anavyolitetemesha. Mimi nikajua si madoido. Kala hatetemeki. Nimemtazama Kala wa mume wangu tangu nikiwa mchumba, na mkono ule ni chuma. Jiwe limesogea, na amejaa vikombe viwili vya dawa, pengine na cha tatu, na yuko katikati ya kisa. Nikasema moyoni, usibane. Chochote watakachosema, Baba Wening, usibane.

Kala akasimama. Akachomekwa kwenye gogo la mgomba, mdomo wazi, mbele ya mtoto. Ngoma ikashuka. Kikaingia kivuli kifupi chenye tumbo na makalio: Semar, yule mtumishi mzee ambaye hata miungu humwogopa. Akatembea polepole, akachomekwa katikati, baina ya jitu na mtoto. Akasema kwa sauti ya Semar, ya puani:

"Wewe Kala, baki hapo. Mimi mzee nakwenda kukagua mtaro wa shamba langu, umeziba tangu kiangazi. Nikirudi nikukute hujasogea hata kucha. Hapa nimejiacha mwenyewe nikulinde."

Nikasikia mkeka unakwaruzika. Mume wangu akanyanyuka.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ki Gondo kanyanyuka," kwa sauti ya mtu aliyeona mlima unahama. Mama Laras akamvuta binti yake kifuani. Lakini Kala hakusogea. Semar alikuwa pale, kivuli chake kimetulia na tumbo lake, na jitu lote lile limekwama mbele yake. Paimo akaanza kupiga ngoma taratibu, Tulus akajibu kwa upatu, na watu wakakaa wanavitazama vivuli viwili visivyocheza, kana kwamba wakipepesa macho kitu kitatokea.

Mimi nilishafika nyuma ya jiko na kichujio na kopo la bati. Nikampa, akaingia bafuni, nikabaki mlangoni. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia anaguma, kuguma kwa mtu anayeinua gunia. Kisha maji, maji mengi. Kisha kitu kikagonga bati, ti.

"Mama Wening," akasema kutoka ndani. "Limetoka."

Nikamwambia alete nione, kama vile anauza. Akafungua mlango. Lilikuwa dude dogo la hudhurungi, lina miiba, baya kabisa, limekaa ndani ya kopo kama lenye haki. Tukalitazama. Akanawa mikono, akaniangalia, machozi yanamtoka na anacheka, nami nikampangusa uso kwa ncha ya kitambaa changu nikamsukuma mgongoni arudi kazini.

Akaketi. Akamshika Semar. Akavuta pumzi.

"Nimerudi," Semar akasema. "Mtaro umefunguka."

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo kwenye ukombozi. Wazee walijipiga mapaja. Mama Laras alicheka mpaka akamwachia binti. Na Paimo, alipoona kumbe mlango uko wazi, akaweka ngoma chini akatoka mbio, wapiga upatu wawili nyuma yake, na Semar akawasubiri, akawahesabu walivyorudi, akamwuliza Paimo mbele ya watu kama na yeye ana shamba.

Baada ya hapo mume wangu alichezesha kama kijana. Alisoma maneno yaliyoandikwa kwenye paji la jitu, yale yanayosomwa na ukoo wao tu, na Kala akapungua, akapungua, akaomba radhi, akarudi msituni. Laras akaogeshwa kwa maji ya maua, akakatwa ncha za nywele, yuko huru, aolewe anapotaka.

Watu wakaanza kusimama. Ndipo Semar akainuliwa tena, na sauti ikasema wangoje. Ikasema kuna mwanamke nyuma ya pazia, anayechemsha majani, aliyempigania mzee mmoja mwenye kichwa kigumu kiangazi kizima, na mzee huyo hajawahi kumshukuru. Nyumbani mume wangu ananiita Mama Wening. Leo, kwenye kipaza sauti, mbele ya vijiji vitatu, Semar alisema, "Lasmiyati. Simama wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, na yule mwanamke wa sokoni alikuwa mstari wa mbele.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Imeanza asubuhi, kubwa, matone mazito, tanki linapiga kelele.

Jiwe nimelipeleka kwa Daktari Ratri. Amelishika juu akaliangalia, akaichana barua yake ya tarehe kumi na mbili, akasema vipimo vitakuja, na maji yaendelee hata jiwe likiwa halipo. Nilipofika nyumbani Baba Wening hakuwa chumbani wala kibarazani. Alikuwa nyuma ya nyumba, amesimama kwenye mvua, mgongo kanipa, miguu kaipanua, anapiga mluzi ule wimbo wa mfalme akirudi kutoka vitani. Akanisikia. Hakugeuka.

"Hapaumi," akaniambia. "Lasmi, hapaumi kabisa."